Juu ya Istilahi ya "Rangi Bandia" katika Picha za Nebula

Utangulizi

Istilahi mbaya haina madhara makubwa pale ambapo kitu chenyewe kipo mbele ya macho. Mwananchi anayefika Ndolezi, wilayani Mbozi, hukiona Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Hulishika kwa mkono wake, na hata akipewa neno lisilofaa juu yake, macho na kiganja vitamsahihisha. Nebula haishikiki. Ni wingu la gesi na vumbi lililo mbali mno, na wengi wetu tutaifahamu kwa picha tu na kwa maneno yaliyoandikwa chini ya picha hiyo. Maneno hayo yakipotoka, hakuna cha kuyasahihisha. Kwa sababu hiyo makala haya yanakusudia kuipima istilahi moja inayowajia wafasiri upesi, yaani "rangi bandia", pamoja na istilahi chache za uchakataji zinazoambatana nayo.

Jinsi picha inavyopatikana

Nebula ya Orion, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,350, hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Tunduma. Lakini Tunduma ni mji wa mpakani, wenye taa za maduka na za malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Mpiga picha wa anga katika mji wa namna hiyo hufaidika sana na vichujio vya mkanda mwembamba, ambavyo kila kimoja hupitisha sehemu ndogo tu ya mwanga na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Vinavyotumiwa zaidi ni vitatu: cha haidrojeni, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, cha oksijeni, nanomita 501, na cha salfa, nanomita 672. Kwa kila kichujio hupigwa picha nyingi kwa muda wa saa kadhaa, kisha hulimbikizwa zikawa picha moja. Picha tatu zinazopatikana ni za weusi na weupe. Mchakataji ndiye anayeipa kila moja rangi yake.

Hapo ndipo penye shida. Mwanga wa haidrojeni na ule wa salfa, kwa jicho la binadamu, wote ni mwekundu. Ukiachwa hivyo, gesi hizo mbili hazipambanuki. Kwa hiyo picha ya Nebula ya Tai iliyotolewa mwaka 1995 kutoka darubini ya Hubble, ile iitwayo "Nguzo za Uumbaji", iliipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani, na oksijeni buluu. Shabaha ilikuwa kumwonyesha mtazamaji gesi ipi iko wapi.

Kasoro ya neno "bandia"

Mfasiri anayeuita mpango huo "rangi bandia" humfanya mwanasayansi kuwa mghushi. Katika matumizi ya kawaida twasema noti bandia, dawa bandia, bidhaa bandia. Mtumishi wa forodha pale Tunduma akilisikia neno hili hukumbuka vitu vya kukamatwa na kuteketezwa. Pengine mtu atajibu kwamba twasema pia meno ya bandia, na hakuna anayemlaumu mwenye nayo. Ni kweli, lakini meno hayo yameshika nafasi ya meno yaliyokuwapo yakatoka. Rangi za nebula hazishiki nafasi ya kitu kilichotoweka. Kila rangi husimama badala ya gesi iliyopo na iliyopimwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni ramani. Mwalimu wa jiografia hupaka nyanda za chini rangi ya kijani na milima rangi ya kahawia, na hakuna mwanafunzi anayeiita ramani hiyo bandia, kwa kuwa ufunguo upo pembeni. Twapendekeza basi istilahi "rangi wakilishi", na kwamba kila picha ya namna hii iwe na ufunguo wake: nyekundu, salfa, kijani, haidrojeni, buluu, oksijeni. Pasipo ufunguo, mwanafunzi ataondoka darasani akiamini kwamba haidrojeni inayong'aa ni ya kijani, na kosa hilo litakuwa letu tulioandika maneno, wala si la mpiga picha.

Mpaka wa uchakataji

Hata hivyo, kuzitetea rangi wakilishi si kuzitetea picha zote. Zipo zilizotiwa chumvi, na istilahi zetu hazina budi kumwezesha msomaji kuzitambua. Neno "kuchakata" latufaa sana. Mkonge ukichakatwa, nyama ya jani huondolewa na nyuzi zikabaki; nyuzi hizo zilikuwamo tangu mwanzo. Afadhali neno hili kuliko "kupamba" au "kurembesha", ambayo huruhusu kuongeza.

Kadhalika, tendo la kuufanya mwanga hafifu uonekane lisiitwe "kunyoosha", kana kwamba kulikuwa na kitu kilichopinda. Picha inapotoka katika kamera huwa karibu nyeusi tupu, kwa kuwa mwanga wote wa nebula umesongamana upande wa giza. Mchakataji huutandaza, kama mkulima wa Mbozi anavyotandaza kahawa juu ya kichanja: punje haziongezeki, ila kila moja huonekana. Twapendekeza "kutandaza".

Kutandaza kukipita kiasi, kitovu cha Nebula ya Orion huungua kikawa doa jeupe, na zile nyota nne zilizosongamana hapo katikati zisionekane tena. Kulainisha chembechembe kukipita kiasi, gesi huwa kama nta. Kunoa kukipita kiasi, kila nyota huzungukwa na pete nyeusi ambayo haipo mbinguni. Na kijani kikipunguzwa mno ili dhahabu na buluu zipendeze, haidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote, hupoteza alama yake katika picha. Makosa haya yote twapendekeza yaitwe "uchakataji uliopindukia". Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nebula haihitaji kutembezwa.

Hitimisho

Tofauti tunayoitaka ni kati ya kudhihirisha na kuongeza. "Rangi wakilishi", "kuchakata" na "kutandaza" ziko upande wa kudhihirisha. "Uchakataji uliopindukia" huonya pale mpaka unapovukwa. Lakini neno "bandia" huzitupa kapu moja picha ya mwanasayansi mwaminifu na ile iliyotiwa chumvi, na msomaji akikosa njia ya kuzitenga, ama ataziamini zote, ama atazikataa zote. Walimu watakaozijaribu istilahi hizi darasani, na wafasiri watakaokutana na vikwazo katika kuzitumia, wanaombwa kutuletea maoni yao.