‘Aina ya samaki’ si fasili

JUZI mwanafunzi wangu aliniuliza, “Mwalimu, tafi ni nini hasa?” Nikamwelekeza kwenye kamusi ya shuleni. Akarudi na maneno matano: aina ya samaki wa baharini. Basi! Changu na kolekole nao si wamo humo humo?

Kwa maoni yangu, fasili isiyomtenga samaki na wenzake haijafasili kitu. Muulize mvuvi yeyote wa Mombasa. Atakwambia tafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni; mshike ovyo uone cha mtema kuni. Mwanafunzi huyo angeingia sokoni na kamusi yake, angetoka analia.

Wa maji baridi ndio wamepuuzwa zaidi. Kambare na kamongo huchanganywa kila siku, eti kwa kuwa wote ni warefu na hukaa matopeni. Kambare ana ndevu, hana magamba. Kamongo hana ndevu, magamba anayo, na mapezi yake ni membamba kama uzi. Na dagaa je? Omena wa Ziwa Victoria na dagaa wa Tanganyika si ukoo mmoja hata kidogo, ila kamusi huwatia kapu moja: ‘samaki wadogo’.