Jicho la Mnunuzi

Sisi wa Kilelengwani tukitaka kitu kikubwa kwa bei nafuu, twenda Garsen, kwenye soko la mifugo. Ni uwanja wa wazi, vumbi tupu na fimbo, na ng'ombe walioletwa na Waorma na Wawardei kutoka pande zote za Mto Tana. Wenye malori ya Malindi na Mombasa hutafuta nyama: hutupa jicho kwenye mapaja na nundu, hukisia kilo, hulipa, hupakia. Ninaowasifu mimi ni wale wengine, wanaotaka mtamba mmoja tu wa kufuga, na ambao saa sita ya mchana huwakuta bado hawajataja bei.

Fundi wa kununua hapendi kumkagua ng'ombe aliyesimama. Humngoja atembee, maana mguu mbovu hujificha kwenye kusimama. Akisogea karibu hutazama manyoya kama yamelala au yamesimama, hupapasa tezi iliyo mbele ya bega, kisha hufunua kope aone kama ndani pana wekundu au pamepauka. Delta yetu ina mbung'o, na ugonjwa wao hula damu ya mnyama polepole hata akiwa amenenepa kwa majani ya juzi.

Halafu mdomo. Anamshika pua kwa mkono mmoja, kwa kidole gumba cha mkono wa pili anashusha mdomo wa chini. Ng'ombe hana meno ya mbele upande wa juu, kwa hiyo habari yote iko chini. Mawili mapana katikati, yaliyobaki madogo ya utotoni: huyo amepita miaka miwili. Yakitimia manane yote mapana, basi miaka minne imekwisha. Kwa jike mzima hutazama na pembe, kwa kuwa kila uzazi huelekea kuacha pete yake. Muuzaji aweza kusema umri autakao. Fundi habishani naye, anaachilia mdomo na kujifuta mkono.

Bei nzuri hasa hupatikana pale wenye haraka wanapomdharau mnyama. Ng'ombe wa Kiorma ni mdogo kuliko Boran wa kwenye ranchi, na mgeni humpita akitafuta mwili. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwalinganisha wawili hao katika ranchi ya Galana wakaona yule wa Kiorma anastahimili zaidi ugonjwa wa mbung'o. Wafugaji wa huku walikuwa wakilijua hilo kwa kuzika wengine na kubaki na hawa. Nami namheshimu mno mnunuzi anayejua kutazama udogo ule akaona miaka kumi ya maziwa.

Kupatana bei nako ni kazi ya adabu. Katika masoko ya Wasomali madalali hushikana mikono chini ya shuka, vidole vikataja bei ambayo aliye kando haioni. Wengi wetu twasema kwa mdomo: "Mzee, nipunguzie." "Sema yako, mwanangu." Mwaka 2012 wakulima na wafugaji wa delta hii walipigana; Septemba kijiji chetu kilivamiwa, wakauawa watu wengi, wakiwemo askari polisi. Kwa anayekumbuka siku zile, maneno hayo mawili ya kawaida ni mali.

Ukame ndio unaompima fundi. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, ng'ombe waliletwa sokoni mbavu nje, na mwenye fedha angeweza kutaja bei yoyote. Kumkamua mfugaji aliyebanwa hivyo hakuhitaji ujuzi wowote, na mimi siuiti ununuzi. Fundi huuliza habari za mama wa mtamba: alikuwa akitoa maziwa kiasi gani, alizaa mara ngapi, kiangazi kilichopita alikipitaje. Mfugaji akiulizwa hivyo hutulia, huanza kusimulia, na mara nyingi hushusha bei mwenyewe, kwa sababu amejua mnyama wake anakwenda kwa nani. Kiangazi kingine akishuka na kundi kutafuta majani, atapita kwa mnunuzi kuuliza kama yule mtamba ameshazaa.