Neno Moja katika Sheria ya Australia

Sheria ya Australia ya mwaka 2024 kuhusu watoto na mitandao ya kijamii, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, yastahili kusomwa kama usomwavyo utungo. Yayataka makampuni yachukue hatua za kuridhisha ili asiyetimiza miaka 16 asiwe na akaunti. Mtoto na mzazi hawatozwi kitu. Kampuni yaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za huko. Hapo mizani imetimia. Kina kimepotea penye neno "akaunti", ambalo msomaji mwenye pupa hatui. Kilichokatazwa ni akaunti, si kutazama. Katika mitandao iliyo wazi, mtoto huiona video ileile, tena bila vile vizuizi ambavyo mzazi aliviweka ndani ya akaunti iliyofungwa.