Jinsi Kisima cha Aliso Canyon Kilivyozibwa

Kutambua kwa pua kwamba gesi inavuja ni jambo jepesi. Kujua yavuja kiasi gani, na kupitia tundu lipi, ni elimu nyingine kabisa, na tofauti hiyo ilidhihirika kwa gharama kubwa huko Aliso Canyon, katika milima iliyo kaskazini mwa Los Angeles, ambako tarehe 23 Oktoba 2015 iligunduliwa kwamba kisima kiitwacho SS-25 kinavujisha gesi kupitia ardhi inayokizunguka.

Zamani pale palichimbwa mafuta, na yalipopungua, miamba ile yenye vinyweleo, iliyo zaidi ya futi 8,000 chini, ikafanywa ghala la kuhifadhia gesi ya mji. Kisima chenyewe kilianza kuchimbwa mwaka 1953, kikatiwa katika kazi ya ghala mwaka 1973, na mwaka 1979 valvu yake ya usalama iliyokuwa chini kabisa ikaondolewa, wala haikuwekwa badala yake.

Wakazi wa Porter Ranch, mtaa ulio chini ya milima hiyo, waliumwa vichwa na kutokwa na damu puani kwa ajili ya harufu itiwayo katika gesi makusudi, na maelfu ya jamaa wakahama. Lakini pua, hata ikiwa hodari vipi, haihesabu tani. Kazi hiyo aliifanya mwanasayansi Stephen Conley wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambaye kuanzia tarehe 7 Novemba alirusha ndege ndogo upande ule uendako upepo, akilikata wingu la methani lisiloonekana kwa jicho, mara chini mara juu zaidi, huku chombo kikipima wingi wa gesi hewani. Kisha wingi huo ukazidishwa kwa kasi ya upepo na upana wa wingu, ikapatikana hesabu ya kilichokuwa kikitoka. Palipozidi sana zilitoka hadi tani 60 kwa saa moja, na jumla yake takriban tani 97,000. Watu wengi waliamini pale tu kamera ya miale isiyoonekana kwa macho ilipoonyesha moshi mweusi ukifuka mlimani. Mimi, ikinilazimu kuchagua, ningeishika ile hesabu ya ndege.

Amma kuhusu kuzima, hapo ndipo penye taksiri. Tangu Oktoba hata Desemba mafundi walijaribu mara saba kusukuma vimiminika na matope mazito kupitia juu ya kisima, ili uzito wake uishinde nguvu ya gesi, na kila mara gesi ikayatupa nje, ikichimba shimo kuzunguka kichwa cha kisima hata kikawa kinatikisika. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba majaribio mengi yalifanywa bila hesabu kamili ya mwendo wa gesi mle ndani, na kwamba matope mazito zaidi, yaliyosukumwa kwa kasi zaidi, yangekizima mapema. Basi ikabidi kuchimba kisima cha pili cha kuokolea, kazi iliyoanza Desemba, kikiongozwa kwa vipimo vya sumaku ili kilifuate bomba la kisima cha kwanza, lenye upana wa inchi 7, na kulitoboa kule chini. Tarehe 11 Februari 2016 gesi ikanyamaza, na baada ya juma moja saruji ikakifunga kisima daima.

Chanzo chenyewe kilijulikana mwaka 2019, baada ya bomba kutolewa na kuchunguzwa na kampuni ya Blade. Kwa kina cha futi 892, upande wa nje, maji ya ardhini na vijidudu viishivyo humo vilikuwa vimeula ukuta wa chuma hadi asilimia 85 ya unene wake. Bomba likapasuka kwa urefu, gesi ikitanuka ikakipoza chuma hata kikawa chepesi kuvunjika kama kioo, na saa chache baadaye likakatika kabisa. Kwa kuwa gesi ilipitishwa katika bomba la ndani na pia katika nafasi iliyolizunguka, ukuta huo wa bomba la nje ndio uliokuwa kinga ya pekee. Mabomba ya visima vingine vya pale yalikuwa yamevuja kabla, wala sababu haikutafutwa kwa kina. Na huo, kwa maoni yangu, ni uzembe mkubwa kuliko ule wa matope mepesi. Siku hizi kanuni za California zataka kila kisima cha ghala kiwe na kinga mbili.