Wingu Limejaa, Mvua Hakuna

Kuna maandishi ambayo kizazi chetu kimeyasoma kuliko riwaya yoyote ya kutahiniwa shuleni, na bado sijaona mtu akiyahakiki. Ni ule ukurasa unaokwambia nafasi yako ya hifadhi mtandaoni imejaa. Una mstari mwekundu, nambari mbili na kitufe cha kulipia. Tunausoma tukiwa kwa matatu, tunausonya, tunaufunga. Mwezi wa Februari mimi niliusoma wiki nzima, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimekosa kazi.

Niko Ikutha, kusini mwa Kitui, kwenye barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Mutomo. Chuo niliacha mwaka wa pili. Naandika makala na kulipwa kwa kila kipande, na ofisi yangu ni simu. Siku hiyo mhariri mmoja alinipigia kutoka Nairobi. "Mbona barua pepe zangu zinarudi? Nimekutumia mara mbili. Ile kazi ilibidi nimpe mtu mwingine."

Akaunti ikijaa, barua haziingii, humrudia aliyezituma. Hilo sikulijua. Na nisichoelewa zaidi ni kujaa kwenyewe. Mimi si mtu wa selfi. Simu yangu ina nafasi. Huko juu kwenye wingu nina GB 15 za bure, na nikijipigia hesabu kwa ukarimu, vitu vyangu havifiki tano. Sasa hizo nyingine ni za nani?

Nilifanya kile kila mtu hufanya. Nilifuta barua pepe zaidi ya 4,000: matangazo, risiti, kazi nilizoomba nisijibiwe. Nikamwaga na pipa la taka, maana kilichofutwa huendelea kuhesabiwa mpaka pipa limwagwe. Nikarudi kuangalia. Mstari ulikuwa umesogea unywele tu. Barua ni maneno, na maneno hayana uzito. Hilo linauma kidogo ukiwa unaishi kwa kuyaandika.

Ndipo nikaanza kuusoma ukurasa vizuri. Kurasa za aina hii hukupangia vitu vya kufuta kwa mafungu: picha na vidio kubwa, picha zenye ukungu, skrinshoti. Ukizisoma kama mhakiki, unaona kwamba tayari ni uhakiki. Kuna mtu ameamua kipi kina thamani na kipi ni takataka. Kikubwa ni mzigo. Kisichoonekana vizuri ni kosa. Skrinshoti ni kitu cha kupita. Wala huoni jina la huyo mhakiki.

Nikafungua fungu la kwanza, la vitu vikubwa, nikakutana na tangi.

Tangi letu la maji, lile jeusi la plastiki lililo nyuma ya jikoni. Vidio ya sekunde kumi na kitu. Mkono unashika kijiti na kugonga tangi, kuanzia juu kuteremka chini: kong, kong, kong, halafu mlio unabadilika unakuwa mzito, dup. Basi, imeisha. Iliyofuata ni tangi tena. Na tena. Nilihesabu vidio 61 za mtu akigonga tangi.

Nikabonyeza maelezo. Yakaonyesha aina ya simu iliyorekodi, na haikuwa yangu. Ilikuwa ile niliyomnunulia mama Aprili 2022.

Hapo nikakumbuka yote kwa mpigo. Nilikuja nayo kutoka Nairobi wikendi, na Jumapili nilikuwa na basi la kuwahi. Simu ikaitisha akaunti. Mama hakuwa na akaunti. Ningeanza kumfungulia, sijui tarehe ya kuzaliwa, sijui nywila atakayoisahau, nikaona nitachelewa. Nikaweka ya kwangu. Kila kilichoulizwa nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Najua siko peke yangu. Nchi hii imejaa wazazi wanaoishi ndani ya akaunti za watoto wao.

Kwa hiyo GB 15 zilikuwa zinaliwa na nyumba mbili. Picha GB 9.1, nyingi zake za mama. Bakapu za WhatsApp mbili, yangu GB 1.2 na yake 3.4, kwa sababu yuko kwenye grupu ya kwaya, ya chama, ya ukoo, na kila grupu ina mjomba anayeamka saa kumi na moja kutuma vidio ya maua yenye mstari wa Biblia. Na hata kitendawili cha pili kikajitegua. Tangu nirudi nyumbani mabando yangu yalikuwa yakiisha kiajabu. Ni hotspoti. Simu ya mama ilikuwa ikiiona kama Wi-Fi, inapandisha mambo ya mwaka mzima usiku tukiwa tumelala.

Kosa lilikuwa langu, basi. Lakini inafaa kuuliza pia tulifunzwa na nani kutofuta. Gmail ilipoanza, tarehe 1 Aprili 2004, ilitoa gigabaiti moja bure, na watu wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Ujumbe wake ulikuwa weka tu, usitupe. Mwaka 2018 Google na WhatsApp zikakubaliana kwamba bakapu za simu za Android zisihesabiwe kwenye nafasi ya mtumiaji. Picha zilizopunguzwa ukubwa nazo ziliingia Google Photos bila kuhesabiwa, mpaka tarehe 1 Juni 2021. Novemba 2023 ikatangazwa kwamba bakapu za WhatsApp nazo zitaanza kuhesabiwa, na mwaka 2024 ndipo wengi walianza kuona mstari wao ukikimbia. Kiwango cha bure kikabaki GB 15, za barua, faili na picha kwa pamoja. Ukikaa juu ya kiwango miaka miwili, vitu vyako vinaweza kufutwa.

Sisemi ni wizi. Mashine zinazotunza hizi picha zinakula umeme, na hakuna ghala la bure duniani. Ninachosema ni cha kihakiki: huyu ni msimulizi aliyebadilisha ahadi katikati ya hadithi, kisha akaandika sura ya mwisho kana kwamba msomaji ndiye mlafi. "Umejaza nafasi yako." Nani, mimi?

Tazama pia jinsi bakapu inavyoonekana kwenye orodha. Ni mstari mmoja wenye nambari ya simu na ukubwa. Huwezi kuifungua pale uone kama ndani kuna vidio za maua au sauti ya marehemu. Unaweza kuifuta tu. Ni kitabu kilichofungwa, na ruhusa pekee uliyo nayo ni ya kukichoma.

Fungu la pili lilikuwa la picha zenye ukungu. Zilikuwa nyingi, maana mama alikuwa anajifunza simu. Kidole, kanga, nusu ya mbuzi. Nilikuwa nimeshaziwekea tiki zote, nikakaribia kubonyeza futa, nikaona moja ya susu, mama yake mama. Amekaa kwenye kigoda, amegeuza kichwa wakati picha inapigwa, kwa hiyo uso ni mvuke tu. Lakini kitambaa ni chake, na namna ya kuuweka mkono shavuni ni yake. Susu alifariki mwishoni mwa 2022. Sina hakika kama kuna picha yake nyingine baada ya hiyo.

Hapa Ikutha tunapaswa kulijua hili la hifadhi kuliko wengi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani waliweka kituo hapa miaka ya 1890, na baadaye kikawa chini ya misheni ya Leipzig. Picha za misheni hiyo leo unaweza kuziona mtandaoni katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Nimewahi kuziangalia nikiwa kitandani: watu wetu, miti yetu, ziko upande wa pili wa dunia zikitunzwa vizuri kuliko picha yoyote ya familia yangu. Hifadhi ile ina kasoro yake kubwa, kwamba aliyechagua hakuwa sisi. Lakini kuna mtu alichagua. Alikaa chini akaamua hii ibaki. Wingu langu halikuchaguliwa na yeyote. Lilijazwa na "ndiyo" za haraka, na sasa lilikuwa linataka lipunguzwe kwa haraka vilevile.

Fungu la tatu, skrinshoti, lilikuwa langu mimi. Salio, ramani, mistari ya watu Twitter. Na katikati yao, Machi 2023, barua ya chuo. Ile ya kusema kwa sababu ya karo sitaendelea.

Nilikaa nikiiangalia muda mrefu, na si kwa sababu ya barua yenyewe, hiyo naijua kwa kichwa. Ni kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuelewa kwamba akaunti moja ni mlango wenye pande mbili. Kama mimi naona tangi la mama, mama anaona nini?

Mimi nilimwambia Agosti. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kumwambia kwa miezi mitano, nikiishi kwa rafiki, nikisema kila akipiga simu kwamba masomo yako sawa. Siku ya kumwambia alisikiliza tu, akasema, "Sawa, rudi nyumbani." Nilifikiri ni mshtuko.

Jioni nikamfuata jikoni.

"Mwaitu, ile simu yako. Hizi picha zangu huwa unaziona?"

"Huja zenyewe," akasema. "Mimi sizitafuti."

"Na ile barua?"

Alikuwa anapepeta ndengu. Hakuacha. "Niliiona. Nikangoja uniambie."

Nikakumbuka kwamba kuanzia Machi mwaka ule hakuniuliza tena habari za mitihani. Alikuwa akiuliza kama nimekula. Miezi mitano nilidhani mimi ndiye ninayemficha jambo, kumbe ni yeye aliyekuwa amenisitiri.

Nikaona nibadilishe mada kabla koo halijanisaliti. Nikamuuliza kuhusu tangi. Vidio 61, za nini?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini. Tangi la plastiki huoni ndani, akasema, lakini ukiligonga linakwambia. Palipo patupu panalia, penye maji panakaza. Kila Jumapili alirekodi. Kisha alisikiliza ya wiki iliyopita na ya leo, akajua yameshuka kiasi gani, na ni lini aanze kutafuta hela ya bouza. Huo ulikuwa mwaka 2022. Mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu tangu Oktoba 2020, na ilikuja kuwa misimu mitano. Mimi nikiwa Nairobi nilisoma habari za ukame ule kwenye magazeti, na niliandika hata makala moja kuuhusu. Ukame wenyewe ulikuwa ndani ya akaunti yangu, umerekodiwa wiki kwa wiki na mtu aliyejua anachosikiliza, na ukurasa uliuita "vidio kubwa".

Huo ndio uamuzi wangu kama mhakiki. Ule ukurasa ni mhasibu mzuri na msomaji mbovu. Unajua kila kitu kina uzito gani, lakini haujui ni cha nani na kinafanya kazi gani. Sauti ya mtu uliyempenda ni kilobaiti chache na ua la mjomba ni megabaiti arobaini, na kwa mpangilio wake ua ndilo jambo kuu la maisha yako. Tukiusoma bila kubishana nao, tutajifunza kujiona hivyo. Kazi ya kuchagua haitafanywa na mashine wala na kitufe cha kulipia, ingawa ukiwa na hela lipia, sikuzuii. Kwanza jua unalipia vitu vya nani. Angalia ni simu ngapi zimeingia kwenye akaunti yako. Halafu keti na mwenye vitu.

Sisi tuliketi Jumamosi. Nilimfungulia mama akaunti yake, tarehe ya kuzaliwa akaniambia, nywila akaichagua mwenyewe na hakunionyesha. Kuhamisha picha kulichukua siku nzima na bando la wiki. Grupu ya ukoo tuliizima isiwe inahifadhi vidio zenyewe. Picha ya susu ilienda kwake, na nakala nikabaki nayo. Nilipofika kwenye tangi nikamwambia hizi ni nzito, zitaanza kumjazia na yeye. Tunafuta zote?

Akafikiri. Vidio zilikuwa zinaendelea mpaka Novemba 2023, ile mvua kubwa ya El Niño ilipokuja na tangi likamwagika. Hizo za mwisho zote zinatoa mlio mmoja, dup, dup, dup, kutoka juu mpaka chini.

"Futa za mvua," akasema. "Za kiangazi bakiza. Kitarudi."