Dawa na Mwenzi Wake

Katika maduka ya dawa ya Eldoret, ni dawa chache zilizozoeleka kama parasetamoli. Anayemeza kidonge cha miligramu 500 hana sababu ya kujua kwamba unga wake ni mkaidi kiwandani. Katika fuwele yake ya kawaida, molekuli hujipanga kwa matabaka yenye mikunjo kama mabati, na bati lililolalia jingine haliwezi kuteleza kuvuka mikunjo. Ndiyo maana unga mtupu ukishindiliwa haushikamani vizuri. Kidonge humeguka au hubanduka juu, mpaka unga uchanganywe na vitu vya kuugandisha.

Mwaka 2009 kundi la mwanakemia William Jones, huko Chuo Kikuu cha Cambridge, lilionyesha njia nyingine. Waliipa parasetamoli wenzi, kama vile theofilini na asidi ya oksali, wakapata fuwele mpya zenye matabaka bapa. Unga wake ukashindilika vizuri zaidi kuwa vidonge. Fuwele za namna hii, zinazobeba molekuli za aina mbili kwa mpangilio mmoja, huitwa kokristali.

Ninaupenda ufundi huu kwa sababu hauivunji dawa ili kuirekebisha. Molekuli inayotibu hubaki ile ile. Hata ile protoni inayohama dawa inapogeuzwa kuwa chumvi, hapa haihami. Mara nyingi wenzi hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, na fuwele ikiyeyuka kila mmoja huenda zake. Kinachobadilika ni namna dawa inavyoyeyuka, inavyostahimili unyevu na inavyoshindilika.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mwanakemia Friedrich Wöhler alieleza kokristali ya kwinhidroni mwaka 1844, na kufikia 1893 Ling na Baker walikwisha kutengeneza nyingine kwa kusaga tu. Hadi leo mtafiti anaweza kuanza na kinu kidogo cha maabara, mchi na matone machache ya kimiminika.

Ila mwenzi haokotwi. Itrakonazoli, dawa ya fangasi, huyeyuka kwa shida mno majini. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani waliiunganisha na asidi ya suksini, ambayo hunyooka na kukaa sawasawa katika nafasi iliyo kati ya molekuli mbili za dawa. Asidi ya fumari nayo ilikubali. Asidi ya malei, yenye atomu zile zile za fumari lakini umbo lililopinda, ilikataa. Fundi anayesoma umbo kwa makini kiasi hicho anastahili sifa.

Eldoret ina sababu ya kuyajali haya. Mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na vyuo vya ng'ambo, ulianza mwaka 2001 kuwahudumia watu wenye virusi vya ukimwi. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1998, ritonaviri, mojawapo ya ARV, ilijipanga katika fuwele mpya isiyoyeyuka vizuri, na kapsuli zake zikaondolewa sokoni. Molekuli ilikuwa ile ile. Mpangilio ndio uliowanyima wagonjwa dawa.

Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, ambacho wafamasia wake wamefanya kazi miaka mingi katika hospitali hiyo ya Eldoret, ndiko alikofundisha Stephen Byrn, bingwa wa kemia ya dawa yabisi, aliyeshiriki kufundisha utengenezaji wa dawa kule Moshi, Tanzania, katika Shule ya Famasia ya Kilimanjaro. Elimu hii, basi, imekwisha kufika Afrika Mashariki yetu. Ningependa kuona wanakemia vijana wa Chuo Kikuu cha Moi wakiishika kama kazi yao, kwa dawa zinazotumika hapa na kwa unyevu wa masika yetu. Kugawa dawa kwa uaminifu tumejifunza. Sasa tujifunze kuiunda, maana mgonjwa wa Uasin Gishu anastahili dawa iliyofikiriwa kwa ajili yake tangu ikiwa fuwele.