Msingi wa nyumba, kimo cha barabara

Mkonze, ninakoishi, haina bandari. Ina makorongo ya mchanga, na mvua ya Januari ikishuka ndipo mwenye nyumba anapojua kama fundi alipandisha msingi wa kutosha. Kwa jicho hilo la msingi nimesoma ramani za HafenCity, bandari kongwe ya Hamburg iliyogeuzwa makazi.

Gati lake la Sandtorhafen lilifunguliwa 1866, mabehewa yakipakia ubavuni mwa meli. Enzi hizo zilizaa pia Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya 1890 iliyoleta meli hadi Dar es Salaam. Kontena lilipoingia, magati yale membamba yakapitwa, na kazi ikahamia kusini mwa mto Elbe. Mwaka 1997 Meya Henning Voscherau alitangaza kuwa hekta 157, maji yakiwemo, zitakuwa mji. Kabla ya tangazo, kampuni ya umma ilikwishaanza kununua kimyakimya majengo yaliyokuwepo. Madalali walikuta meza imeshafutwa.

Tatizo ni kwamba eneo liko nje ya tuta la mafuriko, na Hamburg haijasahau dhoruba ya 1962 iliyoua watu zaidi ya 300. Wapanga mji wangeweza kulizungushia tuta. Lakini tuta lisilokamilika halizuii kitu, na fedha yake yote hutakiwa siku ya kwanza. Wakaamua kila jengo likae juu ya jukwaa, mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari. Tumbo la jukwaa ni maegesho ya magari, yana milango ya kuzuia maji, na gharama ni ya anayejenga. Njia za kutembea kando ya gati ziliachwa chini, zilowe. Dhoruba ya Desemba 2013 ilipandisha maji hadi mita 6.09: chini ya jukwaa kwa karibu mita 2.

Kiwanja nacho hakiuzwi papo hapo. Mnunuzi hushikiziwa kwanza, apime udongo, ashindanishe wasanifu, apate kibali, ndipo hulipa. Akishindwa, ardhi hurudi. (Hesabu hizo makini hazikuliokoa jumba la muziki la hapohapo, lililojengwa juu ya ghala la zamani la kakao. Lilifunguliwa Januari 2017 likiwa limeigharimu Hamburg euro milioni 789.)

Kwetu bikoni huzikwa, malipo hufanyika, halafu greda husubiriwa. Ninachokionea wivu Hamburg ni barabara zaidi ya jukwaa. Barabara na madaraja makuu vilipangiwa kimo kabla, gari la zimamoto lipite hata gati likizama, na kila mjenzi akajua sakafu yake ikutane na nini. Mtaani kwangu kila mtu hujipangia. Jirani alimwaga malori manne ya kifusi, akaongeza kozi tatu za tofali. Kwake pakavu. Maji yake sasa hupita mlangoni kwangu, na mimi nimeshaulizia bei ya lori.